Gundi ya Mholanzi

S.L.P. 14,
Sindo.
19 Januari 1997

Kwako Baba Nyasuguta,

Datsun imefika. Nyamoita ameileta Ijumaa alipokuja kununua omena, ikiwa ndani ya sufuria na imezungushiwa matambara kama ulivyoagiza, na hakuna kilichovunjika njiani. Kwa hivyo, omera, ndugu yangu, usije ukaisingizia barabara. Makosa nitakayoyataja hapa ni yako wewe Motari, mchana kweupe.

Nimekaa nayo siku mbili na ile lenzi ya Bwana Piet. Usukani umelala upande. Kioo cha mbele kina alama ya kidole chenye gundi, imekauka vizuri kabisa, ungekuwa mwizi polisi wangekupata leo. Taa ya kushoto iko chini kuliko ya kulia, gari linatazama kama mtu aliyepigwa ngumi sokoni. Na mlango mmoja haukukaa, nimeingiza ukucha kwenye ufa. Makosa manne. Kwenye Toyota ya mwaka juzi nilitafuta wiki nzima nikapata moja, na hilo moja nililazimisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Labda nilikusifu kupita kiasi.

Miaka minane sasa tangu Bwana Piet amalize daraja lake, arudi kwao Uholanzi na kutuachia lile sanduku la bati lenye magari ya kuunga, wewe dereva wake na mimi karani wake wa stoo. Hujawahi kuniletea gari la makosa manne. Unakumbuka alivyotufundisha pale kambini mvua ikitufungia ndani? Jicho lililounga halioni kosa lake. Ndiyo maana wewe unaunga, na mimi nakagua, napaka rangi na kubandika stika. Kwangu hapa watu wanacheka, eti mwalimu mzima, mzee wa kanisa, ana kabati la magari ya plastiki yasiyofika urefu wa kiganja na nusu. Waache wacheke. Saba yamepangwa, na hakuna mtu Sindo nzima mwenye kitu kizuri kama hicho.

Yamebaki mawili, Volkswagen na Peugeot 504, ile ya Safari Rally. Peugeot ina vipande mia moja themanini na sita, nimevihesabu kwenye karatasi ya maelekezo. Tulikubaliana iwe ya mwisho. Fanya Volkswagen kwanza, polepole, na uniambie una nini. Umekuwa mlevi, wewe Msabato?

Msalimie Mama Nyasuguta.

Ni mimi rafiki yako,
Mwalimu Zadock


Masara,
S.L.P. Migori.
9 Februari 1997

Mwalimu,

Nimesoma makosa yangu. Umesahau la tano. Geuza gari chini uangalie bomba la moshi, limeunganishwa kinyume. Sasa nani hana macho?

Taa yangu ina ufa kwenye kioo, inamulika vibaya. Hilo tu. Nitanunua kioo kingine nikienda Migori mjini.

Kazi iko. Wachimbaji wamepata mshipa mzuri upande wa chini, na kila mtu anakuja kwangu kwa sababu mizani yangu haidanganyi. Wananiletea donge la dhahabu likiwa bado limeshikana na zebaki. Nalichoma kwenye sufuria ndogo juu ya jiko, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Kisha napima. Meza yangu ni ile ile uliyoiona, dhahabu mkono wa kulia, gari mkono wa kushoto. Donge likiwa motoni mimi naunga kipande, hakuna dakika inayopotea. Dirisha nafunga, maana upepo ukiingia unapeperusha dhahabu ya watu, na vile vipande vidogo vya Bwana Piet vikianguka kwenye udongo huvioni tena mpaka kiyama. Bochaberi analalamika kwamba chumba kinanuka gundi. Wanawake hawakosi neno.

Volkswagen nimeanza. Kioo cha pembeni kinanisumbua kidogo, nimekibandika mara tatu. Usiniharakishe.

Ukija Agosti shule zikifungwa, nitakuwekea tena tone la zebaki kiganjani ulizungushe. Mwaka jana ulicheza nalo kama mtoto, mwalimu mzima.

Wako,
Motari


Masara,
S.L.P. Migori.
23 Machi 1997

Shemeji Mwalimu Zadock,

Usishtuke kuona mwandiko usioujua. Ni mimi Bochaberi, Mama Nyasuguta. Baba Nyasuguta hajui kama nimeandika, na Nyamoita ameniapia kwamba barua hii ataiweka mkononi mwako tu.

Alikuambia taa ina ufa. Taa haina ufa. Ni mikono yake. Inatetemeka. Ilianza Novemba, kwanza kidole kidogo cha kulia, tukacheka, tukasema ni uchovu. Sasa ni mikono yote miwili. Akiishika chai inamwagika kwenye sahani. Kanisani ameacha kwenda kwa sababu kitabu cha nyimbo kinacheza mbele ya watu, na yeye hataki kuonwa. Anakasirika kwa jambo dogo, halafu anaona haya, halafu ananyamaza siku nzima. Huyo siye mume niliyeolewa naye.

Wiki iliyopita alikaa kutoka saa saba mchana mpaka jua likatua akijaribu kubandika kioo cha pembeni cha ile Volkswagen. Kioo chenyewe ni kidogo kama punje ya mtama. Kila akikifikisha, mkono unakitupa. Nilikuwa jikoni nikipepeta mchele, nikasikia sauti, nikadhani ni mbwa. Kumbe ni yeye, Shemeji, anacholilia ni kile kioo.

Tulikwenda zahanati, wakampa dawa ya malaria. Tukarudi, wakasema apumzike. Mama yake anasema kuna mtu amemwonea wivu kwa ajili ya mizani. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mikono ndiyo yeye. Aliendesha gari la Mholanzi kwa mikono hiyo, anapima dhahabu kwa mikono hiyo, na ikienda sijui tutabaki na nani humu ndani.

Wewe umesoma na una vitabu. Tafuta. Chumba anamokaa kinanuka gundi mpaka kichwa kinaniuma. Sisemi ni hiyo, nakuambia tu ninachonusa.

Tafadhali usimwambie nimeandika.

Shemeji yako,
Bochaberi


S.L.P. 14,
Sindo.
13 Aprili 1997

Ndugu yangu Motari,

Leo sina orodha ya makosa. Kaa chini usome barua hii mpaka mwisho kabla ya kuanza kubishana nami.

Mikono yako inatetemeka. Usiniulize nimejuaje. Nimeyatoa magari yote kabatini nikayapanga mezani kwa miaka, na ugonjwa wako ninauona kwenye plastiki. Toyota iko sawa. Ile Lancia iliyoifuata ina ukungu wa gundi kwenye bawaba moja. Datsun, makosa manne, na lile la tano ulilolitaja mwenyewe. Ningekuwa rafiki wa kweli ningekuuliza mapema. Badala yake nilikuita mlevi. Nisamehe.

Sasa sikia. Nimeipata sababu. Nilichukua kichupa cha gundi ya Bwana Piet nilichobaki nacho, nikasoma yale maandishi madogo ya nyuma kwa lenzi. Miaka minane tumekishika na hatukuwahi kuyasoma. Yanasema mvuke wake ni hatari. Yanasema usiuvute, ufungue madirisha, na kwamba ukiuvuta kwa muda mrefu unadhuru neva za mwili. Neva, Motari. Neva ndizo zinazoendesha mikono. Na wewe umefunga dirisha kila siku ukiuvuta. Mafuta ya kusafishia brashi nayo yana onyo hilo hilo, na alama ya fuvu juu yake. Kitu cha hatari huandikwa kwamba ni hatari, ndiyo faida ya kusoma. Nimewafundisha watoto jambo hilo miaka saba na mimi mwenyewe sikulifuata.

Kwa hivyo acha. Acha leo. Funga kila kitu kwenye sanduku, gundi, rangi, mafuta, hata na ile Peugeot ambayo hujaifungua, umpe Nyamoita aniletee. Ukibaki nayo nyumbani nakujua, utasema ni kipande kimoja tu. Ukipona tutatafuta gundi nyingine isiyo na sumu, tutamaliza pamoja kwenye meza yangu dirisha likiwa wazi na upepo wa ziwa ukiingia.

Nakuomba kama ndugu. Sijawahi kukuomba kitu.

Zadock


Masara,
S.L.P. Migori.
4 Mei 1997

Mwalimu,

Sanduku linakuja. Nyamoita atakuletea pamoja na barua hii. Volkswagen iko ndani, haina vioo vya pembeni. Imalize wewe.

Nilikasirika siku tatu. Nilijua ni Bochaberi aliyekuambia. Siku ya nne nikamwambia ninajua, akalia, nikamwambia amefanya vyema. Mkono wangu si siri tena, hata mbuzi wa jirani wanajua.

Lakini nikuambie ukweli, Zadock, umeniomba kitu kigumu kuliko unavyodhani. Wewe una darasa, una kanisa, una kabati unalolitazama. Mimi tangu asubuhi ni kelele. Huyu anasema amepunjwa, yule anasema donge ni lake, wengine wanataka kupigana mlangoni pangu. Katika siku nzima kuna dakika moja tu iliyokuwa yangu, kipande kinapoingia mahali pake na kusema tik. Nikisikia hiyo tik, moyo wangu unatulia. Sasa meza iko tupu upande wa kushoto. Naiangalia kama mtu aliyehamwa na jirani mwema.

Jioni zimekuwa ndefu. Siwezi kukaa bure nikitazama vidole, kwa hivyo nimechukua kazi zaidi. Wachimbaji wa Osiri nao sasa wananiletea madonge yao niwachomee, Jumapili hadi Ijumaa mchana. Afadhali kazi hiyo haina gundi.

Umeniambia nitapona. Nakuamini.

Motari

Usiicheke hati yangu.


S.L.P. 14,
Sindo.
24 Agosti 1997

Kwako Baba Nyasuguta,

Najua ulinitazamia mwezi huu na sikuja. Tulimzika mama mkwe, na unajua matanga ya kwetu, huwezi kuondoka watu wakiwa bado uani. Likizo yote imeishia huko. Nikasema nitakuja wikendi, wikendi ikapita. Nisamehe.

Sanduku nimelipokea tangu Mei. Nililiweka juu ya kabati, siwezi kulifungua bila kuona haya. Ile Volkswagen nilijaribu kuibandikia vioo. Kimoja nimekiweka kichwa chini na kingine nimekipoteza. Hapo nikajua kwamba miaka yote hii nilikuwa nikikaripia kazi ambayo mimi siwezi hata kuianza. Ungekuwa na orodha ya makosa yangu, karatasi isingetosha.

Sasa niambie. Miezi mitatu bila gundi, lazima mkono umetulia. Barua yako ya Mei niliisoma kwa shida, na tangu wakati huo hujaandika. Nimewaambia walimu wenzangu habari yako, kwamba mtu akisoma maandishi madogo anaweza kumwokoa rafiki yake. Nataka kuwaambia na mwisho wake.

Niandikie mstari mmoja tu kwa mkono wako. Ule tuliokuwa tukiuandika kwenye daftari la stoo, "Imepokelewa ikiwa salama." Nione.

Wako daima,
Zadock


Masara,
S.L.P. Migori.
2 Novemba 1997

Shemeji Mwalimu,

Mstari uliouomba huu hapa ndani. Ameharibu karatasi tatu, hii ni ya nne. Nimemwambia inasomeka. Wewe ukijibu, useme inasomeka.

Hajapona. Gundi haijaingia nyumba hii tangu Mei, na mikono imekuwa mibaya kuliko mwanzo. Sasa hata midomo inatetemeka anapoongea, na fizi zinatoka damu akitafuna. Usingizi hana. Anasahau. Juzi aliniuliza Nyasuguta yuko darasa la ngapi, na alikuwa amemlipia karo mwenyewe asubuhi hiyo.

Na yametupata makubwa zaidi. Wachimbaji wamemkataa kwenye mizani. Mkono ukitetemeka mizani nayo inacheza, wakasema anaichezesha makusudi awaibie. Baba Nyasuguta, Shemeji, ambaye watu walitoka Osiri kwa miguu kwa sababu ya mizani yake. Walisimama mlangoni wakamwita mwizi. Aliiinua mizani, ikalia lia mkononi mwake mbele yao wote, akaiweka chini, akaingia ndani. Siku hizi anayepima ni kijana wa Makori. Baba Nyasuguta wamemwachia kuchoma tu.

Yeye bado anasema ni gundi yako. Anasema sumu ya miaka minane haiwezi kutoka kwa miezi sita, nivumilie. Alikwenda sokoni kwa Mayaka fundi viatu akamwambia aache gundi kabla haijammaliza. Mayaka alimwangalia ile mikono akaogopa, akatupa kopo zima. Sasa anashona viatu kwa uzi peke yake, na watu wanamlaumu kwamba soli zinaachia.

Mvua imeanza na haikatiki. Nyamoita anasema kuna mahali barabara imekwenda na maji, sijui barua hii itakufikia lini. Kama kuna kitu kingine kwenye vitabu vyako, tafuta tena.

Bochaberi


Homa Bay.
10 Machi 1998

Motari ndugu yangu, na Shemeji Bochaberi,

Naandika kwa haraka. Barua yenu ya Novemba ilinifikia Januari ikiwa imelowa, nikakaa nayo bila kujua la kujibu. Leo ninajua, na ingekuwa heri ningelikufa kabla ya kuandika ile barua yangu ya Aprili.

Si gundi. Motari, haikuwa gundi.

Niko hapa Homa Bay kwenye semina ya walimu wa sayansi. Jana mwalimu mmoja wa kike alivunja kipimajoto, na zebaki ikatawanyika mezani ikikimbia kimbia kama unavyoijua. Mimi nikacheka, nikanyoosha mkono niikusanye kiganjani, jinsi ulivyonionyesha. Mkufunzi alinishika mkono kwa nguvu. Akatutoa nje sote, madirisha yakafunguliwa, na hatukuruhusiwa kurudi chumba kile mpaka leo. Kwa tone moja, Motari. Nikamuuliza, kwani kitu hiki kinafanya nini? Akasema mvuke wake hauonekani wala haunuki, unaingia kwa pumzi na kukaa mwilini. Nikamuuliza unaonekanaje kwa mtu. Akataja vidole kutetemeka, hasira, aibu, fizi kutoka damu, usingizi kukatika, kusahau. Alitaja kwa mpangilio ule ule wa barua za Shemeji, kana kwamba alizisoma. Nilimwambia nina rafiki anayeichoma kila siku ndani ya nyumba, dirisha limefungwa. Kisha akaniuliza, kwa muda gani? Nikasema miaka saba.

Nilimuuliza kama mikono itarudi. Alisema mtu akiacha mapema hurudi kiasi. Sikumuuliza mapema ni lini.

Gundi ilikuwa na onyo kwenye chupa, ndiyo maana niliiona. Zebaki yako inakuja kwenye chupa ya soda, haina hata herufi moja. Mimi nilitafuta sumu mahali palipoandikwa. Nikakunyang'anya kitu pekee kilichokutuliza, nikakuacha na kile kinachokuua, na ukaongeza kazi ya Osiri ili kuziba pengo nililolifanya mimi. Ni mimi. Sitamlaumu mtu mwingine.

Kwa jina la Mungu, usichome tena. Hata donge moja. Toeni sufuria hiyo nje, fungueni dirisha, Nyasuguta asilale chumba hicho. Fimbo ya mbali haiui nyoka, najua. Semina inaisha Ijumaa, na Jumapili nitakuwa mlangoni pako hata kama nitatembea. Barua hii inatangulia na dereva wa lori anayekuja Migori kesho. Siku hizi nne usichome.

Zadock


Masara,
S.L.P. Migori.
29 Machi 1998

Mwalimu,

Ninayosema yanaandikwa na Mama Nyasuguta, kwa sababu mimi siandiki tena. Nimemwambia asibadilishe neno.

Ulikuja Jumapili ile na hukunikuta. Nilikuwa Osiri. Nilijua unakuja, barua ilifika Jumatano. Niliambiwa ulikaa kwenye benchi mpaka saa kumi na moja, na miguu yako ilikuwa na matope mpaka magotini, na hukula. Sikukimbia kwa sababu ya hasira. Sina hasira nawe. Nilikimbia kwa sababu ungetaka kunisalimia kwa mkono.

Sasa nikujibu. Mwaka jana ulisema ni gundi. Uliandika vizuri, na neva na fuvu la kichwa, nikakuamini kuliko daktari. Nikakupa sanduku. Nikakaa nikingoja. Mkono haukupona. Sasa unasema ni zebaki, na tena umeandika vizuri. Mwaka ujao utasema ni ugali. Wako wazee hapa wamechoma zebaki tangu wakoloni na wanashika jembe. Usinikasirikie, Zadock, lakini nikiacha kila kitu unachokisoma kwenye chupa, na kisichokuwa kwenye chupa, nitabaki na nini?

Na hata ungekuwa umesema kweli. Kuendesha gari siwezi, nani atanipa gari? Kupima wamenikataza. Kuchimba chini ya shimo si kwa mtu ambaye hawezi kushika kamba. Lakini kuchoma naweza. Sufuria ikitikisika juu ya moto, dhahabu haijali. Haimwagiki, haisemi mimi ni mwizi, inabaki tu pale chini inang'aa. Wachimbaji wanajua hilo, na kila siku wanakuja. Ni kazi moja katika dunia hii inayonichukua nilivyo. Usiniombe na hiyo. Uliomba mara moja, nikatoa.

Wasalimie watu wa kwako. Hakuna ubaya kati yetu.

Motari

Shemeji, hapo ndipo alipoishia. Ametoka kwenda kuwasha jiko, na haya yanayofuata ni yangu.

Nimemhamishia Nyasuguta kwa mama yangu Kisii. Dirisha nililifungua, akalifunga. Nikalifungua tena, akalipigilia misumari, misumari miwili kwa asubuhi nzima, na vidole vyake vyote vimeumia. Sufuria niliificha kwenye ghala la mahindi. Alikwenda kwa jirani kuazima nyingine, na jirani akampa kwa huruma. Nilimweleza mama mkwe uliyoyaandika, akaniuliza ni mwalimu yule yule wa gundi? Nilimweleza kijana wa Makori, naye akaniuliza hivyo hivyo. Nilikwenda hata kwa Mayaka fundi viatu aje anisaidie kusema, akasema yeye ameshapoteza wateja wake wote kwa neno la mwalimu huyo.

Mimi sasa nakaa nje ya mlango. Nasikia sufuria ikigonga gonga jiko kwa ule mtetemo wa mkono wake, na ninajua amepumua mara ngapi. Siwezi kumfunga kamba. Ni mume wangu, si ndama.

Usije tena kwa sasa, atakimbia tena, na hatembei vizuri siku hizi.

Uliniuliza kwenye benchi kama mimi nakuamini, nikaingia jikoni. Nakujibu sasa. Nakuamini, Shemeji, kwa moyo wangu wote. Lakini hata ile mara ya kwanza nilikuamini hivi hivi.

Bochaberi